Linux: mfumo wa bure kwa ordinatere ya zamani

Ordinatere haitembei bila mfumo wa kuiongoza. Wengi wanatumia Windows. Lakini tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kwa mwenye kupigia watu karatasi Katogota, kununua ingine ni makuta mengi.

Linux, iliyoanzishwa 1991 na Linus Torvalds, ni ya bure: kila mtu ana ruhusa ya kuinakili na kuirekebisha. Canonical, kampuni inayotoa Linux aina ya Ubuntu, inapata makuta kwa kuhudumia mashirika. Ruhusa kama hiyo njo iliwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye Kiswahili, 2004.

Ila programu kadhaa za Windows hazitembei humo. Ijaribu kwanza kwenye flashi, kabla ya kufuta Windows.