Safari ya Kurudisha Mate Kinywani

Mtu asiye na mate hula kwa msaada wa maji. Kila tonge lazima lisindikizwe na funda, la sivyo halishuki. Usiku ulimi hunata kwenye kaakaa hadi anashtuka usingizini, na meno yaliyokuwa mazima huanza kuoza karibu na ufizi. Hayo huwapata wengi waliotibiwa saratani ya kichwa na shingo kwa mionzi. Saratani imeondoka, lakini tezi za mate nazo zimeungua.

Dawa moja ilitoka msituni. Miaka ya 1870 daktari wa Brazil, Symphronio Coutinho, alipeleka Paris majani ya jaborandi, yanayochuruzisha mate na jasho. Mwaka 1875 kiini chake, pilokapini, kilipatikana. Hata hivyo, Marekani ilikuja kuiruhusu kwa wagonjwa wa mionzi mwaka 1994. Na pilokapini huhimiza seli zilizo hai tu; zilizokufa hazihimiziki.

Ndipo watafiti wa Groningen, Uholanzi, akiwemo Rob Coppes, wakatafuta mbegu ya tezi yenyewe. Walichukua tezi za panya zilizo chini ya taya, wakazichambua na kuziotesha katika maji yenye virutubisho. Siku chache baadaye vikaelea vidude vya mviringo, ndani yake mna seli shina, ndizo mbegu walizozitafuta. Mwaka 2008 walitangaza kuwa seli 100 hadi 300 tu, zikidungwa kwenye tezi iliyounguzwa, ziliirudishia umbo na kazi. Tone moja la damu lina seli mamilioni!

Japani nako, mwaka 2013, timu ya Takashi Tsuji ilipandikiza chipukizi la tezi kwa panya aliyeondolewa tezi zake. Likakua, likaungana na mfereji wa mate, na panya alipoonjeshwa kitu kichachu, mate yakatoka.

Sasa Groningen wanajaribu kwa binadamu. Kipande cha tezi huchukuliwa kabla ya mionzi, seli zake huoteshwa, kisha mgonjwa hurudishiwa zilizo zake mwenyewe, ambazo mwili hauna sababu ya kuzikataa.

Ni majaribio bado, si tiba ya kuulizia hospitalini. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa aliyepangiwa mionzi ya shingo, mpeleke kwa daktari wa meno kabla ya siku ya kwanza. Meno yatibiwe mapema, na floraidi ianze.