Umeme na Nyama ya Nguruwe

Luigi Galvani wa Bologna, katika Italia, alipotoa habari za miguu ya chura mwaka wa 1791, alidai kuwa msuli una umeme wake wenyewe. Alessandro Volta alimpinga, na ubishi wao ukazaa betri mwaka wa 1800. Elimu ile ilichukua muda mrefu kufika machinjioni, nayo ilifika kwa sababu ya dhiki.

Baada ya vita vya 1939–1945, walaji wa Ulaya walizidi kukataa mafuta na kutaka mnofu. Wafugaji wakachagua mbegu za nguruwe wenye misuli minene. Kumbe wengi wa nguruwe hao walikuwa wepesi wa kufadhaika. Safari ya lori tu iliweza kuwaua. Waliofika hai mara nyingi walitoa nyama iliyopauka, teketeke, yenye kuchuruzika maji. Huko Denmark, Ludvigsen aliieleza nyama hiyo katika miaka ya 1950.

Mnyama akifa, msuli hauachi kazi papo hapo. Huendelea kuunguza sukari yake na kufanya asidi. Kwa kawaida pH hushuka polepole, kutoka karibu 7 hadi karibu 5.6. Kwa nguruwe aliyefadhaika huweza kupungua chini ya 6 kabla ya saa moja kutimia, mwili ungali na joto. Asidi na joto vikikutana huharibu protini, na nyama hushindwa kushika maji yake.

Utando mzima wa chembe hai huzuia umeme wa mawimbi ya polepole. Utando ukichakaa, maji ya chumvi huvuja na umeme hupata njia pana. Basi mpimaji huchoma sindano mbili katika paja au mgongo, akasoma tarakimu. Lakini ushahidi huu huchelewa: mara nyingi dakika 45 baada ya kuchinja kipimo hakijapanda, na siku ya pili ndipo husema wazi, nyama imekwisha kuharibika.

Kwa hiyo wataalamu walimrudia mnyama aliye hai. Mwaka wa 1974, katika Uholanzi, Eikelenboom na Minkema waliwanusisha nguruwe halothani, dawa ya usingizi. Wenye dosari walikakamaa. Mwaka wa 1991 Fujii na wenzake wa Toronto waliiona dosari hiyo katika jeni moja, ile ya lango lipitishalo kalsiamu ndani ya msuli. Wafugaji wengi wakaiondoa katika mbegu zao. Nyama ya maji ilipungua, haikukoma; kwani msongamano, jua la njiani, na hata fimbo ya umeme ya kuwaswagia machinjioni, humfadhaisha nguruwe asiye na dosari yoyote.