Karne Mbili Ndani ya Andalio la Somo

Kila aliyepita chuo cha ualimu Tanzania analijua andalio la somo. Mwalimu tarajali hulijaza usiku kabla ya siku ya mazoezi ya kufundisha, na mthibiti ubora wa shule huliomba kabla hajauliza jingine lolote. Juu huandikwa umahiri unaokusudiwa. Chini yake lipo jedwali la hatua, likianza na utangulizi. Wengi huliona kuwa karatasi ya ofisini tu. Ukilisoma kwa historia yake, unakuta wamekaa humo watu ambao wasingekubaliana hata juu ya maana ya kujifunza.

Wa kwanza wao ni Mjerumani, Johann Friedrich Herbart, aliyezaliwa Oldenburg mwaka 1776. Mwaka 1809 alipewa kiti cha falsafa cha Königsberg, kile kile alichokikalia Immanuel Kant. Herbart alisema kwamba mtoto hapokei jambo jipya akiwa mtupu. Hulishikiza kwenye yale anayoyajua tayari. Basi mwalimu aanze kwa kuyaamsha hayo. Baada ya kifo chake mwaka 1841, wafuasi wake, hasa Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein wa Jena, waliigeuza hoja hiyo kuwa ngazi ya hatua tano: kuandaa, kuwasilisha, kulinganisha, kutoa kanuni, kutumia. Vyuo vya ualimu vya Ulaya na Marekani viliipokea kwa shauku mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwa ilimpa mwalimu kijana kitu cha kushika. Mwalimu wa leo anapoanza kipindi kwa maswali ya somo lililopita, anapita njia waliyoichonga hao.

Tuwape wote mtoto mmoja wa kumfundisha. Yuko darasa la tano, amejumlisha 1/2 na 1/3, akaandika 2/5: vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Herbart angesema utangulizi ulikuwa dhaifu, mtoto arudishwe kwenye namba nzima anazozijua na apandishwe upya hatua kwa hatua. Ni shauri jema, lakini linamwachia mwalimu maamuzi yote. Mtoto hana la kuamua.

Kundi la pili lilianzia maabara. Mwaka 1898 Edward Thorndike, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika juu ya paka aliowafungia ndani ya visanduku. Paka alihangaika mpaka kwa bahati akagusa kamba, mlango ukafunguka, akapata chakula. Kila aliporudishwa alitoka upesi zaidi. Thorndike akahitimisha kwamba tendo linaloleta tokeo la kuridhisha hujichimbia mizizi. Hoja hiyo ilimfikia B. F. Skinner wa Harvard, na mwaka 1953 ikamgusa akiwa mzazi.

Tarehe 11 Novemba mwaka huo Skinner alikwenda kutazama kipindi cha hesabu katika darasa la nne la binti yake. Alikaa nyuma pamoja na wazazi wengine. Aliona watoto wakifanya maswali ubaoni na mezani, mwalimu akipita kati yao. Waliomaliza upesi walikaa bure, waliokwama waliendelea kukwama, na hakuna aliyejua kama jibu lake ni sahihi mpaka madaftari yasahihishwe. Skinner aliondoka akiamini kwamba mwalimu yule, bila kosa lake, ametwishwa kazi isiyowezekana. Siku chache baadaye alikuwa ameunda mashine ya kwanza ya kufundishia: swali moja, jibu moja, na mtoto anajua hapo hapo kama amepata au amekosa.

Mashine zile hazikudumu, lakini fikra yake ilitangulia kuingia shuleni kwa njia nyingine. Mwaka 1949 Ralph Tyler wa Chicago alitaka mtaala uanze na malengo yanayopimika. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake waliyapanga malengo hayo kwa ngazi, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Mwaka 1962 Robert Mager akawafundisha walimu kuandika malengo kwa vitenzi vya mambo yanayoonekana. Ndiyo sababu tukaambiwa chuoni tusiandike “mwanafunzi aelewe”, tuandike “mwanafunzi aweze kutaja, kueleza, kuchambua”. Sioni haja ya kuidharau nadharia hii, kama wafanyavyo wengi siku hizi. Mtoto anayejifunza herufi au jedwali la kuzidisha anahitaji mazoezi mengi na masahihisho ya papo kwa papo, na mwalimu anayekaa na madaftari wiki mbili anamwibia. Ila kwa yule aliyeandika 2/5, mashine ya Skinner ingesema amekosa, kisha ikampa swali jepesi zaidi. Isingeuliza amefikaje pale.

Aliyeuliza hivyo alikuwa Jean Piaget. Alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896, na katika ujana wake alisomea biolojia ya konokono. Mwishoni mwa mwaka 1919 alifika Paris, akapewa kazi ambayo mwanzoni hakuipenda: kuwajaribu watoto wa shule moja ya msingi kwa maswali ya kupima akili yaliyotungwa Uingereza na Cyril Burt, ili yarekebishwe yafae watoto wa Kifaransa. Ilitosha kuhesabu majibu sahihi. Piaget akavutwa na yale yasiyo sahihi. Aligundua kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja, na kwamba ukimwuliza mtoto kwa upole amefikiri vipi, anakueleza mantiki kamili inayotofautiana na ya mtu mzima. Mwaka 1921 alihamia Geneva, katika Taasisi ya Rousseau, na kwa karibu miaka 60 iliyobaki aliifuatilia mantiki hiyo kwa watoto wengi, wakiwemo wake watatu.

Kwa macho ya Piaget, 2/5 ni habari njema. Mtoto ana kanuni yake na ameitumia kwa uaminifu. Kumpa kanuni nyingine aikariri kutamfunika tu. Mwalimu ampe karatasi aikunje, aone nusu peke yake tayari inazidi 2/5, ili jibu lake limgombe yeye mwenyewe.

Fikra za namna hii zilifika Afrika Mashariki mapema kuliko tunavyokumbuka, na zilipitia mbio za angani. Wasovieti waliporusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ilishtuka juu ya shule zake. Mwaka 1959 wanasayansi na wanasaikolojia walikutana Woods Hole chini ya uenyekiti wa Jerome Bruner, aliyesisitiza kwamba mtoto avumbue muundo wa somo badala ya kumeza orodha ya ukweli. Miaka mitatu baadaye warsha za Entebbe, Uganda, zilikuwa zikiandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika, vyenye seti na mifumo ya namba. Hisabati hiyo ilisumbua walimu ambao hawakuandaliwa vya kutosha, ikawachanganya wazazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ikaiweka kando.

Mradi wa sayansi kwa shule za msingi ulifanya vyema zaidi. Ulihusisha nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, na vifaa vyake vilikuwa mchanga, maji, mimea na wadudu. Eleanor Duckworth, aliyekuwa mwanafunzi wa Piaget, alitumwa kuutathmini Kenya. Hakuwatungia watoto mtihani wa kuandika. Aliwawekea vitu mezani, akawaacha wavichezee, kisha akatazama wanabuni mambo mangapi na wanayafuata hadi wapi. Waliopitia mradi walibuni mengi zaidi, tena yaliyochangamana zaidi, kuliko wenzao. Nasikitika kwamba kazi hiyo, iliyofanywa hapa petu, haijulikani kwa walimu wetu inavyostahili.

Wakati huo huo Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, alikuwa akiuliza jambo ambalo Piaget hakulijali: mtoto anajifunza ili akaishi wapi? Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ililaumu shule inayomtenga kijana na jamii yake, na mtihani unaopima kumbukumbu pekee. Mbrazili Paulo Freire, aliyekuwa ameendesha mafunzo ya kusoma kwa wafanyakazi 300 wa Angicos mwaka 1963, alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakuta watu wanaozungumza lugha yake. Kwao, hesabu ya sehemu ianzie kwenye mavuno ya shamba la shule na namna ya kuyagawa. Bahati mbaya, shule nyingi zilibaki na jembe bila lile swali, na shamba likageuka adhabu.

Wa mwisho kutufikia alikufa kabla ya wengi wao. Lev Vygotsky alizaliwa mwaka mmoja na Piaget, akafundisha shule huko Gomel, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Mwaka 1936 utawala wa Stalin ulipiga marufuku taaluma ya upimaji wa watoto, na maandishi yake yakafichwa kwa miaka 20. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya kitabu chake kikuu ilitoka mwaka 1962. Alitoa mfano wa watoto wawili ambao, kila mmoja akijaribiwa peke yake, wanaonekana wana akili ya miaka minane. Wakisaidiwa kidogo, mmoja anafika maswali ya miaka tisa, mwenzake ya miaka kumi na miwili. Kazi ya mwalimu, alisema, imo katika nafasi hiyo kati ya anachokiweza mtoto peke yake na anachokiweza akishikwa mkono.

Naamini huyu ndiye anayelifaa zaidi darasa la watoto 80 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu hawezi kumhoji kila mtoto kama Piaget, wala hana mashine ya Skinner. Watoto wanaojua anao. Lakini kazi ya vikundi ninayoiona shuleni mara nyingi ni madawati yaliyogeuzwa tu: watoto sita, mmoja anaandika, watano wanasubiri, swali lenyewe wote wanaliweza au wote limewashinda. Vygotsky alidai mambo mawili magumu zaidi: swali lililo juu kidogo ya uwezo wao, na mmoja kati yao aliyekwisha kulivuka. Kuyapanga hayo mwalimu lazima ajue nani yuko wapi, na hilo atalijua kwenye madaftari, kwa kusoma majibu yaliyokosewa.