Walimu wa Madarasa ya Katikati

Anayetoka Shelly Beach kwenda kusomea ualimu Shanzu huvuka maji mara mbili: kwa feri pale Likoni, kisha kwa daraja la Nyali. Akishavuka mara ya pili, anapita Kengeleni. Kengele yenyewe ipo mpaka leo. Ni ya Freretown, kijiji ambacho wamishenari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na iligongwa kuwaonya kwamba wakamataji wanakuja. Abiria wengi hawaigeuzii hata shingo, wanatafuta chenji.

Mimi huitazama, kwa sababu shule za upande ule zilianza na walimu ambao hakuna aliyepanga wawe walimu wa hapa. Walikuwa Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakalelewa na kusomeshwa Nasik, India, ndipo wakaletwa Mombasa. William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi mwaka 1885, ni wa kundi hilo. Kwetu Likoni mambo yalikuwa mengine. Wadigo ni Waislamu, na shule ilikuwa chuoni kwa mwalimu: ubao, juzuu, na sadaka mtoto akihitimu. Wazee waliogopa kwamba mtoto akipelekwa kwa wamishenari atarudi na jina jingine. Sidhani walikosea kuogopa, ila gharama yake waliilipa wajukuu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa intamidiati, na siku hizi nikilitaja jina hilo vijana wananiuliza ni kitu gani. Lilitokana na ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, iliyoyakata masomo ya Waafrika vipande vitatu vya miaka minne minne. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani wa kuchuja, na wengi walikomea hapo. Waliopenya waliingia intamidiati, darasa la tano hadi la nane, wakamalizia na mtihani wa KAPE. Baba alipasi KAPE, akasomea ualimu miaka miwili, akapewa daraja la T3. Walimu wa wakati ule walipangwa kwa herufi T na namba, na mshahara ulifuata namba. Akawa anafundisha watoto waliovunja sauti, wengine karibu rika lake.

Halafu Tume ya Ominde ikaja, mwaka 1964, na shule ya kati ikafutwa. Msingi ukawa miaka saba, kitu kimoja. T ikageuka P. Baba aliendelea kuwafundisha watoto walewale, ila kwenye karatasi sasa alikuwa mwalimu wa msingi. Mwaka 1967 ikaundwa TSC, na jambo hilo alilisifu hadi kufa: mwajiri mmoja kwa walimu wote, badala ya huyu kulipwa na misheni na yule na baraza la wilaya.

Mimi nilisomea P1 wakati wa mfumo wa 8-4-4. Miaka miwili tulifundishwa kufundisha kila kitu: hesabu, Kiswahili, muziki, kilimo, sayansi kimu, mazoezi ya viungo. Azimio la kazi, andalio la somo, na juu ya yote zana. Manila ilikuwa ghali na haihimili mvua ya Juni ukiwa umesongamana kwenye feri. Kwa hiyo tulitumia magunia ya sukari. Gunia unalifumua, unalifua, unalinyoosha, unalipaka rangi nyeupe pande zote mbili, unaliacha likauke kabisa kabla ya kuchora. Ukilipitishia wino likiwa na unyevu, ramani ya Kenya inavimba Turkana. Gunia langu la mfumo wa chakula limeshapita mikononi mwa walimu wasiojua nani alilichora. Mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha alikuwa akiketi nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni, na kitu cha kwanza kukitazama kilikuwa ukutani.

Shule ya kati imerudi. Jopo la rais lilipendekeza Desemba 2022 kwamba Gredi ya 7 hadi ya 9 ziwekwe ndani ya shule za msingi, na mwanzoni mwa 2023 watoto waliingia. Hakuna chuo kilichokuwa kimekwishatoa mwalimu aliyesomeshwa kwa ajili ya gredi hizo. Wakachukuliwa vijana wenye digrii, waliofunzwa masomo mawili mawili ya sekondari, wakaajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama ilisema ajira ya namna hiyo haikuwa halali, Mei wakagoma. Upande wa pili tukapelekwa sisi wa P1 tuliojisomea digrii wakati wa likizo. Wote tulipewa semina za siku chache. Wakati huohuo cheti chenyewe cha P1 kilikuwa kimeshafutwa na kupisha diploma.

Wenzangu hulaumu mtaala mpya. Mimi nalaumu 1964. Kuunganisha msingi kulikuwa haki, mchujo wa darasa la nne ulikuwa ukatili, lakini pamoja nao tulitupa ule ujuzi wa kumfundisha mtoto wa miaka kumi na tatu, ambaye si mdogo wala si mkubwa. Nchi ilipouhitaji tena, waliokuwa nao walikuwa wamestaafu au wamezikwa.

Katika shule yangu tumeamua kubadilishana. Binti mmoja wa kemia na bayolojia alikabidhiwa pia masomo ya awali ya kiufundi, somo ambalo hakuwahi kulisikia chuo kikuu. Huniletea maandalio yake Jumapili jioni, nami namwonyesha namna ya kuwagawa watoto arobaini kwa nyundo tatu. Naye hunisahihishia fomula za kemia kabla sijaingia Gredi ya 9. Wiki iliyopita ameniomba gunia. Nimemwambia rangi anunue mwenyewe.