Huruma Peke Yake Haitoshi Shuleni

Machi 1896, mwalimu mmoja wa Philadelphia, Marekani, alimpeleka mvulana kwa Lightner Witmer pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kijana alikuwa na akili timamu lakini kuandika maneno sawasawa kulimshinda kabisa. Witmer akampima, akakuta macho ndiyo yana shida. Akapewa miwani, kisha akaanza kufundishwa upya, polepole. Kliniki ya kwanza ya saikolojia ikaanza hivyo.

Sasa mweke huyo kijana kwenye shule zetu za miaka ya tisini. Si angechapwa tu, aitwe mvivu?

Mwaka 1915 jimbo la Connecticut lilimwajiri Arnold Gesell, mtu wa kwanza kuitwa rasmi mwanasaikolojia wa shule. Lakini cheo kilitangulia mafunzo. Ilibidi wataalamu wakutane Hoteli ya Thayer, New York, mwaka 1954, kujadili swali moja kubwa: huyu mtu asomee nini, na kwa muda gani?

Jibu lao la leo si mchezo. Ukishapata digrii ya kwanza, unarudi darasani miaka mingine kama mitatu. Ndani yake kuna mazoezi ya kazi ya angalau saa 1,200, na 600 kati ya hizo lazima ziwe shuleni, ukisimamiwa na mwenye uzoefu.

Hapa kwetu, Ripoti ya Gachathi ilitaja ushauri nasaha shuleni tangu 1976. Mwaka 2001 viboko vikapigwa marufuku. Poa sana. Lakini kiboko kilipotoka, nani aliingia? Mara nyingi ni mwalimu wa Hesabu au Kiswahili, mwenye vipindi vyake vyote, akaambiwa ati wewe pia ni mshauri. Asubuhi anakuadhibu kwa kuchelewa, jioni anataka umfungulie moyo. Wewe ungemwambia nini?

Simlaumu. Wengi wao wanatupenda kwelikweli. Lakini hata yule mwalimu wa Philadelphia alimjali mwanafunzi wake, na bado alihitaji mtu anayejua kupima. Upendo unakuonyesha kwamba mtoto anaumia. Kujua anaumia wapi, hiyo ni kazi ya kusomewa.

Kwa hivyo tukidai madarasa na vitabu, tudai na hili: vyuo vyetu viwafunze hawa watu vizuri, na serikali iwaajiri kwa kazi hiyo moja tu.