Fuko Kipara, Wala Si Fuko Uchi

Sina ugomvi na mnyama. Ugomvi wangu ni na kibao nilichokikuta mwezi uliopita katika ukumbi mmoja wa katikati ya Nairobi, ambapo chini ya picha ya kiumbe mwenye ngozi ya makunyanzi na meno yaliyochomoza nje ya midomo, palikuwa pameandikwa, kwa herufi kubwa zisizoona haya, «PANYA FUKO UCHI».

Msomaji anamfahamu huyu: mkazi wa chini ya ardhi kavu ya Isiolo na Tsavo, ambaye usiku wake haupambazuki, na ambaye Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza fuko hapa Nairobi katika miaka ya 1960, alidhihirisha mwaka 1981 kwamba huishi kwa kanuni ya nyuki, malkia mmoja akizaa na waliosalia wakitumika. Hayo yamekwisha andikwa na wajuzi. Mimi neno langu ni jina.

Panya kwanza. Huyu ni mgugunaji, naam, lakini nasaba yake ipo karibu na nungu kuliko na panya wa darini, ilhali yule fuko wetu wa Dagoretti na Karen, avimbishaye vichuguu vya udongo katikati ya viazi vya watu, ndiye jamaa wa panya wa karibu zaidi. Basi waliolipachika neno hilo wamemvika asiyestahiki na kumnyima anayestahiki.

Ama fuko, hilo ni neno tukufu. Mimi siwezi kulisikia pasipo kusikia fukia na fukua, vitendo viwili ambavyo mnyama huyu hafanyi vingine maisha yake yote, na atakayeniambia kwamba ni sadfa na alete hoja yake. Fauka ya hayo, neno lenyewe lina ndugu bara: Mkikuyu husema huko, kama vile figo letu lilivyo higo kwake. Jambo hili sikulipata kitabuni. Mwaka wangu wa kwanza Dagoretti nilimwuliza mtunza bustani ni nani aliyenilia viazi, akanijibu, «Ni huko, Mzee.» Nikamwuliza, «Huko wapi?» Akanionyesha udongo mbichi miguuni pangu na kurudia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, «Huko.» Tulisimama hapo kitambo kirefu.

Sasa tufikie aibu yenyewe. Uchi ni hali ya mwenye nguo aliyeivua au aliyeikosa, na haya huandamana nayo. Kwa hiyo ng'ombe hayuko uchi, wala chura, wala samaki. Wafugaji wetu, ambao hawakupata kuketi katika kamati yoyote, walipomwona kuku asiye na manyoya shingoni walimwita kishingo, wakaendelea na shughuli zao. Waliomvua fuko nguo ni Waingereza na Wajerumani katika lugha zao, na sisi tukafuata kama mkia, pasipo kutazama kwamba Rüppell, aliyemwandika kitaalamu mwaka 1842, alimwita Heterocephalus glaber, na glaber kwa Kilatini ni asiye na nywele, mwenye kipara. Tena huyu hakukosa nywele kabisa: anazo chache mwilini za kupapasia kuta za njia yake gizani, na nyingine baina ya vidole zinazomfaa kama ufagio. Ni nani aliye na nywele chache za kuhesabika, kama si mwenye kipara? Nalo neno kipara, kwa rai yangu, lina damu moja na kupara, kule kukwangua magamba ya samaki mpaka ngozi ikabaki laini, jambo ambalo mtu wa pwani hulifanya kila siku na msomi wa hotelini halijui.

Kwa hiyo nasema fuko kipara. Wingi wake fuko vipara, upatanisho ni wa a- na wa-, na hilo latosha.

Niliwaandikia barua wahusika wa kamati iliyotoa jina lile, ambao waliketi hotelini siku tatu kwa chai na sambusa wakayajadili majina ya wanyama, lakini jibu halijafika. Bwana mmoja miongoni mwao anapendelea fuko mtupu, naye hajajiuliza mtu mtupu ni mtu wa namna gani. Tena nimefikishiwa kwamba alisema mbele ya wenziwe kuwa nimekishikilia kipara kwa sababu ninacho. Hoja ya namna hiyo siijibu.

Jumamosi nilimpelekea mtunza bustani ile picha, bila kumtajia jina lolote wala kumdokezea. Aliishika kwa ncha za vidole vyenye udongo, akaigeuza kuelekea mwangani. «Huyu ni huko aliyezeeka,» akasema. «Ameota kipara.» Kisha akainua macho hadi kichwani pangu, akayarudisha haraka pichani.