Kuomba Waimbaji: Mwaliko wa Watunzi katika Tamasha la Athens

Hapana tamasha lisilo na mlango, wala hapana mlango usio na bawabu. Serikali, chuo au mji uwaitapo watunzi walete michezo yenye kugusa maisha ya watu, maswali matatu huzaliwa papo hapo. La kwanza ni nani aitwaye. La pili ni nani achaguaye miongoni mwa walioitika. La tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni nini kimpatacho yule aliyeitika mwito kwa uaminifu kuliko ulivyotazamiwa. Wako wadhanio kwamba maswali haya yameletwa na zama zetu, zama za kamati, fomu na fedha za wafadhili. Sivyo. Yalikuwa hai katika mji wa Athens, Ugiriki, karne tano kabla ya Kristo. Na kwa kuwa habari za mji ule zimehifadhiwa vizuri kuliko za miji mingi ya kale, yafaa tuzitazame kwa makini.

Tamasha kubwa la Athens lilifanywa kila mwaka kwa heshima ya Dionysus, mungu wa mvinyo, katika mwezi uangukao kati ya Machi na Aprili wa kalenda yetu. Wakati huo dhoruba za majira ya baridi zimepita na bahari imeanza kusafirika. Kwa hiyo wageni walifika kwa wingi, na pamoja nao wajumbe wa miji iliyokuwa chini ya himaya ya Athens, wakileta kodi zao. Fedha ile ilionyeshwa uwanjani mbele ya macho ya watu wote. Vijana ambao baba zao walikufa vitani, wakalelewa kwa gharama ya mji, waliandamana wakiwa wamevaa silaha. Baada ya fahari hiyo ndipo mashindano yalipofanywa. Makabila kumi ya raia yalitoa kila moja kundi la wanaume 50 na kundi la wavulana 50, jumla yao waimbaji 1,000. Watunzi watatu wa tanzia walionyesha kila mmoja tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha. Na tangu mwaka 486 kabla ya Kristo watunzi wa futuhi nao wakapewa nafasi yao rasmi. Kutokana na hayo twafahamu kwamba mchezo wa kuigiza katika mji ule haukuwa starehe ya jioni tu. Ulikuwa shughuli ya dola.

Je, mtunzi aliupitaje mlango? Wagiriki walikuwa na namna yao ya kusema jambo hili: mtunzi aliomba waimbaji, na mkuu wa mji akampa waimbaji, au akamnyima. Mkuu huyo aliitwa arkoni, na mwaka wenyewe ulijulikana kwa jina lake. Kitabu juu ya katiba ya Athens kitokacho katika shule ya Aristotle, ambacho nakala yake ya mafunjo ilipatikana Misri na kuchapishwa mwaka 1891, chaeleza kwamba arkoni alishika kazi katikati ya kiangazi, na mapema aliteua matajiri watatu wa kugharamia makundi ya tanzia. Basi ombi la mtunzi lilitangulia tamasha kwa miezi mingi. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, awafanya wazee wa mji wake wa kufikirika wawaambie watunzi waonyeshe kwanza nyimbo zao kwa watawala. Zikionekana njema, ndipo watapewa waimbaji. Wala bawabu hakuwa mwenye busara daima. Cratinus, mtunzi wa futuhi, alimdhihaki arkoni mmoja aliyemnyima Sophocles waimbaji na kumpa mtu mwingine ambaye leo hakuna amsomaye.

Mtunzi akiisha kukubaliwa, alikabidhiwa kwa tajiri wa kulilipia kundi lake mafunzo na mavazi. Kazi hii ilikuwa wajibu na heshima kwa pamoja. Aliyeona ameonewa aliweza kumtaja mwenziwe aliye tajiri zaidi, na kumtaka ama achukue mzigo ule ama wabadilishane mali zao zote. Gharama zilikuwa kubwa. Katika hotuba moja iliyoandikwa na Lysias, mshtakiwa awakumbusha mahakimu kwamba alitumia drakma 3,000 kwa kundi moja la tanzia, wakati ambapo fundi stadi alipata kama drakma moja kwa siku. Hata hivyo matajiri walitaka ushindi, kwa kuwa ushindi uliwapatia jina, na jina liliwapatia kura. Wahenga wetu walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Basi ili ngozi isivutwe mno upande mmoja, waamuzi kumi walipatikana kwa kura, mmoja kutoka kila kabila, na katika hukumu zao kumi ni tano tu zilizotolewa chomboni na kuhesabiwa. Aliyetaka kuhonga hakujua amhonge nani.

Taratibu hizi zilikuwa njema. Lakini taratibu njema hazikumwambia mtunzi ni ukweli wa kiasi gani mji uliweza kuuvumilia. Hilo alijifunza kwa kupigwa. Mwaka 494 kabla ya Kristo Waajemi waliuteka na kuuangamiza Miletus, mji wa ndugu wa Athens ng'ambo ya bahari. Muda si mrefu baadaye Phrynichus aliomba waimbaji, akapewa, akaonyesha tanzia juu ya msiba ule. Herodotus asimulia kwamba uwanja mzima ulibubujikwa na machozi. Kisha raia wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha maafa yaliyokuwa yao wenyewe, na wakaamuru mchezo ule usionyeshwe tena na mtu yeyote. Tazama ajabu ya hukumu hii. Arkoni aliyempa ruhusa hakutajwa. Kosa la Phrynichus halikuwa uongo, wala halikuwa utunzi mbaya, kwa maana utunzi mbaya hauwalizi watu. Kosa lake lilikuwa ukaribu.

Aliyefaidika na somo hili ni Aeschylus. Mwaka 472 kabla ya Kristo alionyesha Waajemi, tanzia juu ya vita vya Salamis vilivyopiganwa miaka minane tu kabla yake. Mwenye kugharamia kundi alikuwa Pericles, kijana ambaye baadaye aliuongoza mji. Jambo lilikuwa la juzi, na watazamaji wengi walikuwa wamelishuhudia. Lakini Aeschylus aliuweka mchezo wake mbali, katika jumba la kifalme la Susa, miongoni mwa walioshindwa. Hakuna Mgiriki hata mmoja wa vita vile atajwaye kwa jina. Raia wa Athens waliuona ushindi wao kwa macho ya mama amngojeaye mwanawe, na wakampa mtunzi zawadi ya kwanza. Msomaji aweza kusema kwamba kuwaonyesha watu msiba wa adui ni rahisi kuliko kuwaonyesha msiba wao. Ni kweli, walakini mwenye kiburi huonywa vyema zaidi asipojua kwamba ndiye aonywaye, na mchezo ule juu ya mfalme aliyepita mpaka wake ulichezwa mbele ya mji ambao himaya yake ilikuwa ikikua.

Sasa tufikie mfano unaobishaniwa zaidi. Katika masika ya mwaka 415 kabla ya Kristo Euripides alionyesha Wanawake wa Troy, mchezo juu ya wajane na mama wagawanywao kuwa watumwa baada ya mji wao kuanguka. Miezi michache tu kabla yake Athens ilikuwa imekitwaa kisiwa cha Melos, ikawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto. Vitabu vingi vimesema kwamba Euripides alitunga mchezo huu kuulaumu mji kwa kitendo kile. Lakini tukiikumbuka njia ya kuomba waimbaji, twaingiwa na shaka. Kama ombi lilipelekwa kwa arkoni katika kiangazi cha mwaka 416, basi wakati huo Melos ilikuwa imezingirwa tu. Iliangushwa katika majira ya baridi yaliyofuata, na waimbaji yumkini walikuwa tayari katika mafunzo. Hivyo hayaelekei kuwa mauaji yale yaliyouzaa mchezo. Haja yapungua nguvu? Kwangu mimi yaongezeka. Mtunzi alijua mji wake ulivyo, na akasema jambo la siku zote za vita. Tukio likaja lenyewe kuketi ndani ya maneno yake. Waamuzi walimpa nafasi ya pili, wakamtanguliza Xenocles, ambaye michezo yake imepotea. Kiangazi hicho hicho merikebu za Athens zikang'oa nanga kwenda Sicily, safari iliyokwisha kwa maangamizi.

Watunzi wa futuhi hawakutaka kusimama mbali. Mwaka 426 kabla ya Kristo Aristophanes alionyesha katika tamasha kubwa mchezo uitwao Watu wa Babeli, na Cleon, kiongozi mwenye nguvu, akamshtaki mbele ya Baraza. Shtaka lilikuwa kwamba aliuaibisha mji mbele ya wageni. Mwaka uliofuata Aristophanes alirudi katika tamasha dogo la majira ya baridi, akasema kwa mdomo wa mhusika wake kwamba safari hii wageni hawapo, basi ataweza kusema lililo haki. Hakunyamaza, wala hakujifanya hakusikia. Mwaka 405, vita vikielekea kushindwa, alionyesha Vyura, na humo waimbaji wakawashauri raia wawarudishie haki zao wale walioponyokwa na mguu katika msukosuko wa mwaka 411. Habari za kale zasema kwamba mchezo ule uliruhusiwa kuonyeshwa mara ya pili kwa sababu ya shauri lile. Amri ya kuwarudishia wengi haki zao ikapitishwa kweli, lakini baada ya merikebu kwisha kuangamia. Mwaka 404 mji ukasalimu amri. Mtunzi aliitwa, akasema, akasifiwa, kusikiwa kukachelewa.

Haifai kuusifu mji huu kupita kiasi. Wanawake waliolia katika tanzia waliigizwa na wanaume. Watumwa, ambao jasho lao lilichimba fedha ya mji, hawakuwa na wa kuwaombea waimbaji. Mwaliko ulikuwa mpana kwa mada, na mwembamba kwa watu. Lakini upo utaratibu mmoja uliostahili kuigwa. Baada ya tamasha raia walikutana katika uwanja ule ule, wakauchunguza mwenendo wa wakuu walioliendesha, na wakapokea malalamiko. Waliofungua mlango nao waliulizwa.

Hili la mwisho latuhusu. Kenya ina tamasha la kila mwaka la michezo ya kuigiza ya shule, ambamo wanafunzi wahimizwa walete michezo yenye kuizungumzia jamii. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere juu ya ukabila katika ugawaji wa mali na vyeo ulizuiwa, hata Mahakama Kuu ilipoamuru uruhusiwe. Mwaka 2025 mchezo mwingine wa shule hiyo hiyo ulizuiwa tena, na tena mahakama ikaingilia; safari hii, huko Nakuru, wasichana waliimba wimbo wa taifa wakatoka bila ya kucheza. Mara mbili bawabu aliulizwa na jaji, wala si na tamasha lenyewe. Tofauti hii si ndogo. Athens iliyowachunguza wakuu wa tamasha lake ndiyo iliyomtoza Phrynichus faini, na haya mawili yalitendwa na raia wale wale. Lakini angalau uchunguzi ulikuwa sehemu ya sherehe, hata aliyechagua alijua kwamba naye ana siku yake ya kujieleza.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii yasomwa kwa kawaida kama ahadi ya zawadi. Mimi naisoma kama deni la mwenyeji. Anayemwita mtunzi aje aseme habari za nyumba amejitwika ulinzi wake kabla hajajua kitakachosemwa. Na asiyeweza kuubeba mzigo huo, heri asiandike mwaliko. Kwa hiyo tupimapo mwito wowote wa sanaa yenye kuwahusu watu, tusitosheke na uzuri wa maneno yake. Tuulize ni nani atakayelipa faini siku uwanja utakapolia.